Mfuatano Uliokataa Kugawanyika

Wanangu mnaoanza aljebra ya homolojia, jihadharini na maneno "bila shaka." Nimefundisha somo hili mpaka magoti yakakataa kupanda ngazi za chuo. Karibu kila hoja iliyobomoka mbele yangu, nikikwangua pale ilipobomokea, nilikuta mtu ameandika "bila shaka," au "ni wazi kwamba," au "msomaji ataona mwenyewe." Msomaji haoni. Mwandishi naye hakuona, alikuwa amechoka tu.

Nitawaeleza somo lenyewe kidogo, na nitawaeleza nilivyolipata kijijini Ikolo, kwenye ukuta wa nyumba ya mtu aliyekuwa anakufa. Mambo hayo mawili siwezi kuyatenganisha. Nilipewa kwa pamoja.

Mimi ni mtoto wa Kyela mjini. Babu alitoka Kilwa na marobota ya khanga, baba akarithi duka. Nilianza shahada ya uzamili miaka ile biashara ilipofunguliwa, maduka yakajaa bidhaa na vyuo vikaanza kuisha watu. Walimu wetu walikuwa wanaondoka mmoja mmoja kwenda nchi za kusini, ambako mshahara ulimfikisha mtu mwisho wa mwezi. Idara ya hisabati ikabaki na mtaalamu mmoja wa aljebra, Dokta Asajile, mtu wa Ikolo, nyumbani kwetu kabisa. Wenzake walimwita awafuate. Hakwenda. Alifuga kuku nyuma ya nyumba ya chuo, akauza mayai, akaendelea kufundisha. Sura ya kwanza ya tasnifu yangu aliikagua akiwa bandani, na iliporudi ilinukia hivyo.

Halafu chakula kikaanza kumkwama. Kwanza ugali, baadaye wali, baadaye hata uji. Hospitali walimwangalia koo, wakamwambia mkewe amrudishe nyumbani apumzike. Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, hakuhitaji kutafsiriwa maneno hayo.

Idara ikaniambia nibadilishe mada, kwa kuwa hakuna wa kunisimamia. Nikakataa. Nikapanda basi hadi Kyela, na kesho yake nikachukua baiskeli ya baba nikaenda Ikolo.

Mama Subilaga, mkewe, alinipokea uani. Alikuwa anaanika kokoa kwenye mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Zuhura wa hesabu?"

"Ndiyo mimi."

"Amekuwa akikuulizia. Ingia, lakini usimchoshe. Akianza kukohoa, unaacha hesabu zako hapo hapo ulipofika. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama. Ndaga fijo."

Alicheka kidogo kunisikia, binti wa Kiislamu wa mjini, nikishukuru kwa Kinyakyusa chenye lafudhi ya dukani. Kicheko hicho nakikumbuka kwa sababu sikupata kingine kutoka kwake.

Dokta alikuwa amekaa kitandani, mabega yamechomoza kwenye shati. Hakunipa nafasi ya pole. Aliniuliza sura ya pili imefika wapi. Nikamwambia imekwama. Akasema tunahitaji ubao. Baba yangu alikuwa na betri kuukuu dukani, zile watu wanazirudisha zikiisha. Tukazipasua, tukatwanga mkaa wa ndani, tukachanganya na maji ya majani, tukaupaka ukuta wa chumba chake kutoka dirishani hadi mlangoni. Chaki tuliletewa na Mama Subilaga kutoka shuleni, vile vipande vifupi ambavyo watoto hawawezi kuvishika tena.

Siku za mwanzo alikuwa bado anatembea. Asubuhi moja alinipeleka kwenye majaruba ya mpunga nyuma ya nyumba, akiegemea fimbo.

"Tembea juu ya tuta," alisema, "uzunguke jaruba hili mpaka urudi ulipoanzia."

Nikazunguka, viatu mkononi.

"Ndani ya mzunguko wako kuna nini?"

"Mpunga."

"Kwa hiyo mzunguko huo ni ukingo wa kitu. Shamba limeujaza. Sasa zunguka lile dimbwi."

Nikazunguka dimbwi, nikateleza, nikarudi na tope mpaka gotini.

"Tuseme kwetu sisi kilichopo ni ardhi peke yake, maji hayahesabiki. Mzunguko wa pili ni ukingo wa nini?"

"Hakuna kitu ndani yake, Mwalimu."

"Basi. Kusanya mizunguko yote, futa ile ambayo ni kingo za kitu, utazame kilichobaki. Kilichobaki kinakuambia mashimo yako wapi. Hiyo ndiyo homolojia. Mengine yote ni kuitafuta mahali ambapo hakuna shamba la kutembea."

Huko ndiko tulikokwenda kuanzia siku hiyo, mahali pasipo na shamba. Katika aljebra tunabaki na moduli na mishale. Moduli ichukulieni kama mkusanyo wa vitu vinavyojumlishika. Mshale unapeleka vitu vya moduli moja kwenye nyingine bila kuharibu kujumlisha. Kuna vitu ambavyo mshale unavigeuza kuwa sifuri, tuliviita kiini chake. Kuna vitu ambavyo mshale unavifikia, tuliviita taswira yake. Mishale miwili ikifuatana, na taswira ya wa kwanza ikawa ndiyo kiini cha wa pili, bila kuzidi wala kupungua, mfuatano ni kamili. Ikipungua kuna pengo, na homolojia ni kipimo cha pengo hilo.

Makosa yangu ya kwanza yalikuwa ya kitoto. Nilikuwa nafuata kitu kwenye mchoro, mshale kwa mshale, na nikifika mahali ambapo mshale unaelekea kinyume, narudi nao tu kana kwamba ni barabara. Dokta aliniacha nijaze ukuta wote. Nilipofika mlangoni akaniuliza, "Hapo uliporudi nyuma, ulimchagua nani?"

"Yule aliyefika pale."

"Waliofika pale ni wengi. Wewe umemchukua mmoja. Mwingine akimchukua mwenzake, mtafika mahali pamoja?"

Sikujua. Futa ukuta, anza upya. Ndiyo maana wanafunzi wangu wote nimewalazimisha kuandika pembeni, kila wanaporudi nyuma ya mshale, nani kachaguliwa na kwa nini uchaguzi hauharibu jibu. Wengi walinichukia kwa hilo. Fanyeni hivyo hivyo.

Sasa sikilizeni swali lililokula maisha ya Dokta. Chukua moduli A iliyo ndani ya B. Futa A ndani ya B, kinachobaki kiite C. Huo ni mfuatano mfupi kamili: A inaingia B, B inashuka hadi C. Ukiwajua A na C, umemjua B?

Hapana. Tazama saa yenye alama nne tu, sifuri, moja, mbili na tatu, ambapo ukipita tatu unarudi sifuri. Ndani yake sifuri na mbili zinafanya saa ndogo ya alama mbili. Ifute, na kinachobaki ni saa nyingine ya alama mbili. Sasa chukua saa mbili ndogo uziweke tu ubavu kwa ubavu, kila moja na mambo yake. Pembeni utapata A yule yule na C yule yule. Lakini kwenye saa mbili za ubavuni, kitu chochote ukikijumlisha na chenyewe unapata sifuri, na kwenye saa ya alama nne moja na moja ni mbili. Pembe zimefanana, katikati hakufanani. Pale B anapokuwa ni A na C waliowekwa ubavuni na basi, tunasema mfuatano umegawanyika.

Dokta Asajile aliamini kwamba katika jamii fulani ya moduli, ambayo yeye ndiye aliyeichunguza kuliko mtu yeyote niliyemjua, kila mfuatano mfupi hugawanyika. Alikuwa ameifanyia kazi hiyo miaka yake yote ya bandani. Alitaka niimalize, niiweke katikati ya tasnifu yangu, na jina lake likae juu ya kanuni hiyo. Hakuwahi kulisema kwa maneno ya kujisifu. Alisema tu, "Nikiondoka, iwepo mahali."

Akawa ananisomea hoja yake kutoka kichwani, mimi naandika ukutani. Kazi yetu ilikwenda asubuhi, kabla ya maumivu kupanda. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, njia ya Ikolo imejaa maji, na siku nyingine nilisukuma baiskeli zaidi ya kuipanda. Nje wanunuzi wapya wa kokoa walikuwa wanapita na mizani zao nyumba kwa nyumba, kila mmoja akimponda mwenzake. Ndani kulikuwa na sauti ya Dokta, ambayo kila wiki ilizidi kuwa nyembamba.

Hoja yake ilikuwa nzuri. Aliijenga C kidogo kidogo, ngazi juu ya ngazi, na kwenye kila ngazi alionyesha kwamba mfuatano unagawanyika. Ngazi ya kwanza sahihi. Ya pili sahihi. Ngazi yoyote utakayoitaja, sahihi. Halafu ukaja mstari mmoja: bila shaka, machaguo ya ngazi zote yanaungana kuwa chaguo moja.

Niliuandika mstari huo kwa mkono wangu na nikaendelea.

Ni siku kadhaa baadaye, niko dukani napima sukari, ndipo mkono uliposimama. Nilikuwa najaribu mfano kichwani. Namba nzima kushoto, ndiyo A, na sehemu zote, nusu, theluthi na nyinginezo, kulia, ndiyo C. Sehemu unaweza kuzijenga kwa ngazi: kwanza namba nzima, kisha nusu, kisha moja ya sita, kisha moja ya ishirini na nne, kila ngazi ikigawanya ile iliyotangulia. Kwenye kila ngazi unamchagua ndani ya B mwakilishi wa sehemu yako. Ukipanda ngazi moja, mwakilishi mpya lazima akizidishwa amrudishe yule wa zamani. Wakati mwingine hamrudishi, anakosea kwa namba nzima. Basi unashuka, unabadilisha yule wa chini. Ukimbadilisha, wa chini yake naye hafai tena. Unashuka tena. Halafu unapanda ngazi inayofuata na inakulazimisha ushuke upya, na hakuna siku utakayomaliza kushuka. Kila ngazi peke yake inagawanyika. Mfuatano mzima unakataa.

"We Zuhura," baba aliniambia, "mteja anasubiri."

Nikamwambia yule mteja samahani. Sukari ilikuwa imemwagika juu ya mizani.

Nilitafuta njia ya kuokoa mstari ule. Nilikaa nyumbani nikisema nina homa. Nilijaribu kuibana jamii ya Dokta ili mfano wangu usiingie, lakini namba nzima na sehemu zilikuwa ndani yake tangu ukurasa wa kwanza, yeye mwenyewe alizitaja kama mfano wa kuzoelea. Baba akaniuliza kulikoni. Nikamweleza kwa kadiri alivyoweza kufuata.

"Na wewe bila hiyo kanuni yake unapata shahada?"

"Sijui. Labda sipati."

"Yeye ana muda gani?"

"Mdogo."

Baba akasema, "Mimi nisingemwambia. Lakini mimi nauza sukari."

Nilipokwenda Ikolo, nilimwambia kwanza Mama Subilaga, uani. Nilidhani atanisaidia kutafuta namna ya kulisema. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imejaa unga.

"Kuna mtu mwingine anayejua?"

"Hakuna, mama."

"Basi mwache."

"Mama, mimi ndiye nitakayeiandika."

"Iandike akishazikwa. Andika unavyotaka. Zuhura, mwanangu, huyu mtu hali. Maji yanarudi. Kinachomwamsha asubuhi ni ule ukuta. Ukimnyang'anya, mimi nitamwamsha kwa nini?"

Nikaingia chumbani nikiwa nimeamua kunyamaza. Nawaambieni ukweli, nilikuwa nimeamua hivyo kabisa.

Dokta alinitazama, akasema, "Umepotea. Ulikuwa unakagua?"

"Nilikuwa na homa, Mwalimu."

"Ulikuwa unakagua. Na umefika ule mstari wa machaguo."

Nikasimama na chaki mkononi.

"Mimi nimeupita mara nyingi," alisema, "na kila nikiupita moyo unaniambia rudi, na mimi nasema nitarudi kesho. Umeona nini?"

"Mwalimu, tupumzike leo."

"Zuhura. Sina mtu mwingine wa kumuuliza."

Nikaandika ukutani. Namba nzima, sehemu, ngazi zake. Sikuhitaji kufika mbali. Kwenye ngazi ya tatu aliinua mkono niache. Mlangoni alikuwa amesimama Mama Subilaga, amesikia yote.

"Toka," aliniambia Mama Subilaga kwa sauti ya chini. "Toka nyumbani kwangu."

Nilitoka. Mvua ilininyeshea njia nzima, sikuona sababu ya kujikinga.

Siku zilizofuata sikwenda. Akaja jirani yao dukani kununua mafuta ya taa, akaniambia Dokta ananiita. Nikaogopa, nikaenda. Mama Subilaga hakunijibu salamu, alifungua mlango tu na kugeuka. Dokta alikuwa amelala chali, hawezi tena kukaa, lakini ukuta ulikuwa umeandikwa upya kwa mwandiko wa shule ya msingi, mkubwa na wa mviringo. Mkewe ndiye aliyeuandika, akisomewa alama asizozijua moja moja.

"Nilikuwa natafuta kiraka," Dokta alisema. Kila neno lilikuja na pumzi yake. "Nilidhani nitapunguza jamii, nibaki na nusu. Hakuna kiraka. Mfano wako unavunja mfuatano mmoja tu. Tazama pale chini."

Nikatazama. Alikuwa ameonyesha kwamba dai linaanguka karibu kila mahali, kwa moduli zote za jamii yake isipokuwa chache zisizo na faida kwa mtu. Alikuwa amekwenda mbali kuliko mimi. Katika hali ile alikuwa amelibomoa dai lake hadi msingi.

"Ni sahihi?" aliniuliza.

Nilikagua. Nilichukua muda, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kuchukua muda. Nilisoma kila herufi ya Mama Subilaga.

"Ni sahihi, Mwalimu."

"Basi hiyo ndiyo tasnifu yako. Andika kwamba nilidai, na kwamba nilikosea. Usifiche jina."

"Mwalimu, inauma."

"Inauma," alisema. Nimesoma mahali fulani kwamba watu wa namna yake hufurahia ukweli hata ukiwaumiza. Sikuona furaha. Niliona mtu aliyelia bila machozi kwa sababu mwili haukuwa na maji.

Alikufa kabla mpunga haujavunwa. Nilikwenda msibani na baba. Wanawake walikuwa wamejaa ndani, nikakaa pembeni, na nilipofika kumpa mkono Mama Subilaga aliutazama mkono wangu, akafunika uso kwa khanga mpaka nilipopita. Baba alinishika bega hadi barabarani.

Tasnifu ilipita. Mtahini kutoka nje aliisifu ile sura ya pili, akasema mwanafunzi ameonyesha ujasiri. Nilitamani kumweleza ilivyokuwa, lakini wenzangu walikuwa wanapiga makofi.

Mnaniuliza kila mwaka kama nilifanya sawa kumwambia. Aliuliza, nikajibu. Nimelifikiria hilo kwa miaka mingi na sijapata hoja ninayoweza kuiandika bila kuweka "bila shaka" mahali fulani katikati. Ninachoweza kuwafundisha ni namna ya kukagua. Mtakayemkagua, na atakayekuwa amesimama mlangoni, hayo mtakutana nayo wenyewe.

Mama Subilaga nilionana naye mara moja tu baada ya hapo. Nilikuwa nimeshaajiriwa, nimekuja likizo, nikamkuta sokoni Kyela akiuza usipa. Alikuwa amestaafu ualimu. Nikamwamkia. Safari hii aliitikia, akanisogezea kigoda.

"Kile ulichoandika," alisema, "kuna jina lake?"

"Lipo, mama."

"Nisomee."

Sikuwa nacho mkononi, lakini nilikijua kwa moyo. Kiliandikwa kwa Kiingereza, nikamgeuzia kwa Kiswahili: kwamba dai hili lilikuwa la mwalimu wangu, Asajile wa Ikolo, kwamba si kweli, na kwamba uthibitisho wa mwisho wa kuonyesha si kweli ni wake pia.

Akapepea nzi kwenye samaki. "Na mwandiko?"

"Mwandiko gani, mama?"

"Ule wa ukutani. Yeye hakuweza kushika chaki. Umeandika nani aliuandika?"

Nikamwambia sikuandika. Ilikuwa kweli, wazo hilo halikuwahi kunijia.

"Sikujua hata alama moja," alisema. "Nilikuwa namuuliza, mkia wa hii unaelekea wapi, juu au chini. Siku nzima. Akinijibu anakohoa, na mimi najua ninachoandika ndicho kinachommaliza. Nikaandika."

Mteja akaja. Akampimia usipa, akaongeza kiganja cha nyongeza, akarudi kukaa. Nikamwambia nitamwandika, popote nitakapopata nafasi.

"Naitwa Tumpale," alisema. "Hukuwahi kuniuliza."